Faini ya Barka

Ami yangu Zahor bin Muhenne
kazaliwa Ng'ambo, kazeekea Mabela,
na katikati, miaka kumi na minne,
alikaa juu ya stuli Nairobi
akinakili michoro ya watu wengine.
Reli. Bwela, breki, ekseli,
choo cha daraja la tatu.
Mkono usiotetemeka: ndiyo kazi, ndio mshahara.

Siku moja ikapita mezani injini isiyo na dada.
Ya mvuke, lakini imevishwa koti.
Bomba halichomozi, kifua hakionekani,
bati moja tu toka pua hadi mkia,
limepinda kama mgongo wa nguru.
Ya abiria. Ya mbio. Ya kujaribia.
Pembeni, kwa penseli, mkubwa wake kaandika:
isijengwe.

Ami akainakili mara mbili.
Moja akairudisha.
Moja akaizungusha ndani ya msala,
na msala ndio aliokuja nao Maskati.

Nimekulia chini ya mchoro ule.
Wenzangu ukutani walikuwa na saa.

Alipostaafu Wizara ya Maji akasema, haya sasa,
tukaenda Sanaiya kwa Iftikhar, fundi wa bodi,
bingwa wa milango ya Land Cruiser iliyogongwa,
ambaye babake alichochea makaa Multan.
Hawakuhitaji lugha.
Miezi mitano, aluminiamu, mita mbili na robo.

"Koti lina uzuri wake," ami hunambia,
"na koti lina dhambi zake.
Ukitaka kutia mafuta fito moja
mpaka umvue bibi harusi nguo zote.
Na moshi, usipoutengezea njia,
hulala mgongoni, ukamfuata dereva machoni.
Ndiyo maana nyingi zilikuja kuvuliwa, zikabaki uchi,
zikaendelea na kazi."

Ijumaa, baada ya alfajiri, barabara ya Batina.
Tumeifunga juu ya Hailaksi, pua mbele.
Nyuzi nyekundu themanini, nyuzi za kofia,
nimezibandika mwenyewe, moja moja, ubavuni.
Ndani ya bomba, kijiko cha makaa
na ubani wa Dhofari, ule wa bei,
kwani moshi wa kupimia, anasema,
hauna sababu ya kunuka vibaya.

Naendesha mimi. Yeye kageuka nyuma,
kapiga magoti kwenye kiti kama mtoto.
Themanini.
Mia.
"Ongeza, mwanangu."
Mia na ishirini, nyuzi zimelala chapa
kama nywele zilizopakwa nazi,
isipokuwa saba, nyuma ya bomba,
zinarukaruka, zinagombana.
"Hapo! Hapo ndipo alipokosea aliyeichora."
"Ami, kuna rada."
"Ongeza."
Na ubani ukainuka, wallahi ukainuka,
ukapita juu yetu bila kugusa kioo,
mweupe, mrefu,
na Barka ikanukia kama nyumba yenye mgeni.

Kisha mwanga. Pa!

Ujumbe wa faini uliingia kabla ya chai.
Nilidhani ataona haya.
"Wameandika ngapi?"
Mia na arobaini na tatu.
Akairudia polepole, kama anaonja halua.
"Basi. Imeandikwa na serikali."

Kituoni aliomba picha.
Askari, kijana wa Rustaki, alitazama skrini, akatutazama sisi.
"Mzee, hili ni tangi la maji?"
"Treni."
"Na abiria?"
Ami akaninyooshea kidole.

Picha sasa iko ukutani, karibu na mchoro:
Hailaksi kijivu, uso wangu umefumba macho,
na juu yetu kitu kinachong'aa, kimekwenda mbele kidogo
kuliko gari lililokibeba.

Wageni huisifu. Yeye hasikii.
Yuko uani, na nyundo ya mpira,
anagonga, anapapasa kwa kiganja, anagonga tena,
kwa ajili ya zile nyuzi saba.